Galoni ya oili iliyonikosanisha na mwanangu

Mpenzi msomaji, kama una pikipiki mpya, au mwanao anayo, au ungali unadunduliza pesa ili umnunulie, nakuomba uketi dakika chache unisikilize. Haya nitakayokusimulia hunitia haya hata leo. Lakini mzazi anayeficha kosa lake huwaachia wenzake shimo lile lile wapate kutumbukia, nami sitaki uwe mmoja wao.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nyumbani kwangu ni karibu na soko la Tawa, Kaunti ya Makueni, pale chini ya milima ya Mbooni. Wanaopajua wanajua kwamba ukitaka kupanda kwenda Kikima sharti injini yako iwe na kifua, na ukiteremka kuelekea Kalawa unakutana na joto na vumbi. Mgonjwa wa kupelekwa hospitali, gunia la mahindi, kreti ya maembe, mtoto aliyechelewa shule, wote hao husafiri kwa pikipiki. Kijana mwenye pikipiki nzima ana kazi. Kijana ambaye pikipiki yake imekufa ana deni.

Kifungua mimba wangu alimaliza kidato cha nne mwaka wa 2019 akakaa nyumbani zaidi ya miaka miwili. Mapema mwaka wa 2022 nilichota sehemu ya malipo yangu ya uzeeni, naye mama watoto akakopa shilingi 60,000 kutoka chama chao cha akina mama, tukaenda mjini Machakos tukanunua pikipiki mpya. Deni lilikuwa lilipwe shilingi 1,500 kila wiki, na wenzake katika chama ndio waliokuwa wadhamini. Zingatia hilo, msomaji, kwa sababu deni la chama si kama deni la benki. Benki hukuandikia barua, lakini wanachama wa chama unakutana nao kisimani na kanisani.

Aliyetuuzia alitukabidhi kijitabu na kadi ya dhamana, ile tunayoiita waranti. Dhamana hiyo ilikuwa ya mwaka mmoja au kilomita 12,000, litakalotangulia. Alituambia sevisi ya kwanza ni bure, kisha akatusihi tukisome kijitabu. Nilikitia ndani ya bahasha, na bahasha nikaifungia sandukuni pamoja na hati ya shamba. Nilikihifadhi vizuri mno, hata hapana aliyekisoma.

Sevisi ya kwanza ilifanywa Machakos na kadi ikapigwa muhuri. Baadaye nilikwenda Nairobi kufuatilia mambo yangu ya pensheni. Katika kituo kimoja cha petroli niliona galoni ya oili ya lita 4, inang'aa kama zawadi ya arusi, nayo imeandikwa 5W-30. Bei yake ilipita shilingi 4,000. Kijana wa kituo aliniuliza, "Ni ya injini gani, mzee?" Nikamjibu kwa fahari, "Ni ya injini mpya kabisa!" Jibu langu lilikuwa la kweli, lakini halikumsaidia kitu, wala mimi halikunisaidia. Nilibeba galoni ile mapajani kutoka Nairobi hadi Tawa, huku nikiwaza jinsi mwanangu atakavyofurahi.

Waswahili walisema rahisi huvunja upishi. Hawakusema kwamba ghali huutengeneza.

Kijana aliipeleka galoni kwa fundi wetu, ambaye karakana yake ni kivuli cha mwarobaini kando ya soko. Punde si punde akarudi nayo. "Nau," akaniambia, kama tunavyomwita baba kwetu Ukambani, "fundi anasema oili hii ni ya gari, si ya pikipiki."

Nilichukia. Je, fundi aliyesomea chini ya mti atanifundisha mimi kazi? Nilimwambia mwanangu kwamba fundi anataka kumuuzia ile oili yake ya chupa ya bei ya chini, na kwamba injini mpya inastahili kitu kizuri. Mwanangu hakubishana nami. Kwetu neno la baba likishatoka limetoka. Oili ikatiwa. Iliyokuwa ndani ikamwagwa, sevisi ya pili ikawa imefanywa nyumbani bila muhuri na bila risiti, na mimi nikajiona mtu wa maana.

Wiki za kwanza pikipiki ilikwenda kwa ulaini ajabu. Kisha ikaanza vituko kwenye mlima wa Kikima. Injini inalia kwa nguvu, lakini gurudumu linajikokota kama mtu aliyelazimishwa kwenda shambani. Mwanangu akaniambia, "Nau, klachi inateleza." Nami nikamuuliza amebeba nini. Nilikuwa nimesikia sokoni kwamba vijana wa steji hubeba abiria watatu kwa mpigo, nikahukumu kwamba hata yeye ni wale wale.

Jioni moja pikipiki ilikataa kabisa katikati ya mlima, ikiwa na abiria mmoja na mzigo wake. Kijana aliisukuma hadi nyumbani, akafika saa tatu za usiku, shati limelowa. Badala ya kumpa maji nilimpa maneno. Nilimwambia mbele ya mama yake na wadogo zake kwamba ameiua pikipiki kwa tamaa, na kwamba mama yake atadharauliwa katika chama kwa sababu yake. Hakunijibu. Alichukua blanketi lake akaenda kulala kwa nyanya yake. Kwa siku kumi na moja hatukusemezana, mimi na mwanangu wa kumzaa. Wiki hizo mama watoto aliuza kuku ili asikose kulipa chama.

Mbele ya fundi wa Machakos

Hatimaye tuliipakia pikipiki kwenye pikapu tukaipeleka Machakos. Nilikwenda nikiwa na imani kubwa, kwani waranti ilikuwa haijaisha hata nusu. Fundi wa pale alifungua boliti ya chini, akakinga oili kwenye karai, akaitazama, akaisugua baina ya vidole, akainusa. Kisha akaifungua klachi. Zile sahani zake zilikuwa zimeungua na kung'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Akageuka akauliza, "Ni nani aliyenunua oili hii?"

Mwanangu aliinamisha kichwa akatazama sakafu. Angeweza kuninyoshea kidole, na angekuwa na haki. Hakufanya hivyo. Nilikohoa kidogo nikasema, "Ni mimi."

Msimamizi alitupokea kwa adabu, lakini hakutuficha lolote. Kadi haikuwa na muhuri wa sevisi ya pili. Risiti hatukuwa nayo. Na kijitabu, kile nilichokifungia sandukuni, kilitaja waziwazi oili inayotakiwa, yaani 20W-50 yenye alama ya JASO MA. Waranti ikagonga mwamba hapo. Klachi, ringi za pistoni na kazi ya fundi vilitugharimu shilingi 13,800, ukiacha pikapu na siku zilizopotea.

Ni nini hasa kilichotokea? Fundi alinieleza, nami nakueleza jinsi nilivyoelewa. Katika magari mengi ya gia za mkono, klachi iko kando na injini, nayo ni kavu. Lakini katika pikipiki nyingi za gia, oili moja hufanya kazi tatu. Huilainisha injini, huzilainisha gia, na sahani za klachi huogelea ndani yake. Injini inataka utelezi, ilhali klachi inataka kushikana. Sasa, oili nyingi za kisasa za magari madogo, hasa zile nyepesi, hutiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari lisinywe petroli nyingi. Ukiitia dawa hiyo kwenye klachi ya pikipiki, ni kama kuwapaka sabuni mikononi watu wanaovuta kamba. Nguvu wanayo, lakini kamba inawaponyoka. Sahani huteleza, huchomeka, na unga wake huingia kwenye oili iyo hiyo inayozunguka kwenye injini.

Tena oili ile ilikuwa nyepesi kupita kiasi kwa pikipiki yetu. Injini yake hupozwa kwa upepo tu, haina rejeta. Ikipanda mlima polepole, na jua la Ukambani liko utosini, upepo huo ni haba. Oili ilikuwa imepungua bila sisi kupima, na ndipo ringi zikalika.

Kwa hiyo, msomaji, oili yangu haikuwa mbovu. Ilikuwa oili nzuri sana katika injini isiyokuwa yake.

Kusoma chupa ya oili

Nilikuwa mwalimu kwa zaidi ya miaka thelathini, na sikujua kusoma mgongo wa chupa ya oili. Hebu tujifunze pamoja.

Zile nambari kama 20W-50 ni kipimo cha uzito wa oili. Kipimo hicho huitwa SAE, kwa jina la chama cha wahandisi wa magari cha Marekani kilichoundwa mwaka wa 1905, na kipimo chenyewe kilianza kutumika mwaka wa 1911. Herufi W husimamia majira ya baridi ya Wazungu. Nambari iliyo kabla yake huonyesha jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi, na kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo oili inavyokimbia upesi asubuhi. Nambari ya mwisho huonyesha uzito wake injini ikiwa moto, kwa kipimo cha nyuzi 100 za Selsiasi. Hivyo basi 50 ni nzito kuliko 30 injini inapochemka. Usidhani nzito ndiyo bora siku zote. Bora ni ile iliyotajwa kitabuni.

Herufi API ni za taasisi ya mafuta ya Marekani. Ukiona S ikifuatwa na herufi nyingine, kama SJ, SL au SN, oili hiyo ni ya injini za petroli. Ukiona C, kama CF-4 au CI-4, ni ya dizeli. Herufi ya pili kadiri inavyosogea mbele katika alfabeti ndivyo kipimo kilivyo kipya. SL ni ya mwaka wa 2001, SN ya 2010, na SP ya 2020.

JASO ndiyo iliyoniponza. Hiki ni kipimo cha Wajapani, na kile cha oili za pikipiki kilianza mwaka wa 1998. MA maana yake ni kwamba oili inafaa klachi inayooga ndani ya oili. Mwaka wa 2006 iliongezwa MA2, inayoshika zaidi. MB ni oili yenye utelezi mwingi, ya skuta na pikipiki ambazo klachi yake haimo ndani ya oili ya injini. Mwenye pikipiki ya gia kama zetu atafute MA au MA2, mradi uzito nao ulingane na kitabu.

Umeona, basi, kwamba sijakutajia jina la kampuni hata moja ya oili. Kitabu changu hakikudai jina, kilidai kipimo. Wengi wetu huuliza, "Ni oili ya nani iliyo nzuri?" Swali lifaalo ni, "Injini hii inataka oili ya kipimo gani?"

Waranti na daftari

Huenda ukaambiwa dukani kwamba usipotia oili yenye jina la kampuni yao waranti imekufa. Usibishane, na usikubali vivi hivi. Omba uonyeshwe mahali palipoandikwa hivyo. Huko Marekani kuna sheria ya mwaka wa 1975 inayokataza kampuni kumfunga mnunuzi kwa chapa moja kama sharti la waranti, isipokuwa ikimpa bidhaa hiyo bure au ipate kibali maalumu. Huwalinda hata wale wanaonunua magari makubwa yenye vitanda na jiko ndani, wakazunguka nayo nchi nzima. Sheria hiyo si yetu, lakini hata sisi hatukuachwa uchi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo. Kisha kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka wa 2012. Ukinyimwa haki yako, omba jibu kwa maandishi.

Lakini haki inataka ushahidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari la shule. Kila oili inapobadilishwa andika tarehe, kilomita zilizosomwa kwenye mita, kipimo cha oili, duka ulikonunua na jina la fundi. Bandika risiti papo hapo. Wengi hutegemea ujumbe wa M-Pesa, lakini ujumbe huo husema ulimlipa nani na pesa ngapi, hausemi ulinunua nini. Dai risiti iliyoandikwa kipimo cha oili.

Uliza pia, kabla hujalipia pikipiki, kama fundi wa kijijini anakubaliwa wakati wa waranti. Kama hakubaliwi, basi nauli na siku za kwenda sevisi mjini ni sehemu ya bei ya pikipiki. Zipigie hesabu mapema. Sisi hatukuzipiga.

Jihadhari na oili bandia. Tazama kifuniko kama kimefunguliwa, na alama ya ubora ya Shirika la Viwango nchini, KEBS, ambayo nambari yake unaweza kuihakikisha kwa kutuma ujumbe kwa 20023. Oili ya kupimiwa kwenye kopo kutoka pipa lisilo na jina iache iende zake. Chupa ifunguliwe mbele ya macho yako, na ikiisha itoboe kabla ya kuitupa. Chupa nzima iliyotupwa hujazwa uchafu na walaghai ikauzwa tena kwa jirani yako.

Mwisho, pima oili kila asubuhi, pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare. Usizidishe, kwani kuzidisha nako ni kuharibu. Usiogope oili ikiwa nyeusi upesi, kwa kuwa kazi yake mojawapo ni kubeba masizi. Kinachohesabiwa ni kilomita. Na sisi wa vumbi na milima tusingoje kilomita za mwisho zilizoandikwa kitabuni. Tubadilishe mapema kidogo, na chujio la hewa tulisafishe mara kwa mara.

Neno gumu kuliko yote

Tulirudi Tawa jioni, mimi nimepanda nyuma, mwanangu anaendesha. Pikipiki ilipanda vilima bila kulalama. Tulipokaribia nyumbani nilimwambia asimame. Nilikuwa nimelitayarisha neno hilo tangu Machakos, na lilikuwa gumu kutoka kuliko boliti yenye kutu. Nilimwambia, "Ulinionya, nikakudharau. Kisha nikakulaumu mbele ya mama yako kwa kosa langu. Nisamehe." Alinyamaza kidogo, akasema, "Imekwisha, Nau." Usiku huo, kabla ya chakula, niliyarudia maneno yale yale mbele ya mama watoto na wadogo zake. Kama ulimvunjia mtoto heshima hadharani, usimrudishie kichakani.

Asubuhi yake nilikwenda kwa fundi wa chini ya mwarobaini. Sijakwambia kwamba nilimfundisha alipokuwa darasa la kwanza. Nilimwomba radhi. Alicheka, akapangusa mikono kwa tambara, akaniambia, "Mwalimu, wewe ndiwe uliyenifundisha kusoma. Mimi nilisoma tu kilichoandikwa nyuma ya galoni."

Deni la chama tulilimaliza kabla ya mwaka kwisha. Daftari letu linaning'inia kwenye msumari jikoni, na kijana akibadilisha oili huniletea nitie sahihi. Mimi huvaa miwani, nikasoma chupa, nikasoma risiti, ndipo nikaandika jina langu. Nawe msomaji, kabla jua la leo halijatua, kitoe kile kijitabu sandukuni, ukisome.